KUUNDA GARI NA KULIENDESHA: FURAHA IKO WAPI?



Huko Marekani na Uingereza wako watu wanaonunua magari makuukuu, wakayafungua hadi ikabaki fremu tupu, kisha wakayaunda upya kipande kwa kipande. Kazi hiyo huchukua miezi, hata miaka. Wengi huifanya jioni wakitoka kazini, wala hawalipwi. Gari likishawaka, wapo wanaoliendesha kidogo tu, halafu wakatafuta jingine la kufungua. Hao husema kuliunda ni kutamu kuliko kuliendesha.

Mojawapo ya magari hayo ni Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927. Yalitoka zaidi ya milioni 15. Si gari la starehe: mwendo wake ni kama kilometa 70 kwa saa, na mafuta huongezwa kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Lakini limeundwa kwa njia rahisi, na mwenye spana na subira hulielewa lote.

Sasa tuwatazame waliolitengeneza kiwandani. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, jimbo la Michigan, kampuni ilianza kuyapitisha magari mbele ya wafanyakazi. Kila mtu alisimama mahali pake akarudia kitendo kile kile kutwa. Kuunganisha gari kulikochukua saa 12 na nusu, mwaka 1914 kulichukua dakika 93. Wafanyakazi walikimbia. Ili kubaki na watu wapatao 14,000, kampuni iliajiri zaidi ya 50,000 katika mwaka 1913.

Januari 1914 kampuni ilitangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, lakini kwa masharti: wakaguzi walifika hata majumbani kuchunguza maisha ya wafanyakazi. Mshahara uliwazuia wengi wasiondoke, ila mwendo wa kazi uliendelea kupangwa na kampuni. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilipata mkataba wake wa kwanza na Ford mwaka 1941, baada ya mgomo.

Gari ni lile lile, na nati ni zile zile. Tofauti ni nini? Anayeliunda uani kwake hupanga mwendo mwenyewe. Akichoka hupumzika, akikosea hurekebisha, na mwisho huliona gari zima, kazi ya mikono yake. Mfanyakazi wa Highland Park hakupewa hata moja kati ya hayo.

Basi tusikubali kuambiwa kwamba mfanyakazi hapendi kazi. Sisi tunaokata mkonge kwa kuhesabiwa mizigo, tunaochuma chai kwa kupimiwa kilo na tunaokimbizana na mashine, tunalijua jambo hili. Tunapokaa na mwajiri, mshahara tuudai kwanza. Lakini tuulize pia: nani anapanga kasi? Mapumziko ni dakika ngapi? Je, mtu atafundishwa kazi ya mwenzake, aijue kazi yote? Hayo nayo ni madai, na yaandikwe katika mkataba.