Hesabu ya Watu wa Kitui na Makueni

Watu wa Kenya walihesabiwa kuanzia usiku wa tarehe 24 Agosti, 2019. Jumla ilipotangazwa, Kitui ilionekana kuwa na watu 1,136,187, na Makueni watu 987,653. Wengi huzisoma hesabu kubwa za namna hii na kuzipita. Lakini mwenye kalamu na karatasi ataona kwamba kila moja ina tabia yake.

Chukua hesabu ya Kitui. Ukizijumlisha tarakimu zake, 1+1+3+6+1+8+7, jawabu ni 27. Kwa kuwa 27 hugawanyika kwa 9, hesabu nzima nayo hugawanyika kwa 9 bila kubakiza kitu. Sababu yake ni nyepesi: kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, na elfu vivyo hivyo. Mafungu ya tisa yakiondolewa, kinachobaki ni tarakimu zenyewe.

Ukizidi kugawanya, utaona kwamba 1,136,187 ni 117 mara 117, kisha mara 83. Maana yake, watu wote wa Kitui wangeweza kupangwa katika viwanja 83, kila kiwanja safu 117, na kila safu watu 117, wala asibaki hata mmoja.

Hesabu ya Makueni ni kinyume chake. Tarakimu zake hushuka kama ngazi, 9, 8, 7, 6, 5, kisha 3, ikarukwa 4 peke yake. Hata hivyo ni ngumu kugawanya. Haikubali 2, wala 3, wala 5, wala 7, mpaka ufike 29. Ndipo hutoa mafungu 29 ya watu 34,057. Na 34,057 ni nambari tasa, haigawanyiki tena ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Haya si mchezo tu, kwani idadi ya watu ni mojawapo ya vipimo vya kugawia kaunti fedha za serikali. Kitui ina wadi 40. Kila wadi ikihesabiwa watu 28,404 sawasawa, hubaki watu 27. Makueni ina wadi 30. Kila moja ikihesabiwa watu 32,921, hubaki 23. Karani aweza kuandika sehemu za desimali, lakini hakuna nusu ya mtu. Hao waliobaki nao wanahitaji maji, dawa na shule.

Tena, lau karani angalimruka bibi kizee mmoja tu aishiye peke yake karibu na Mutomo, hesabu ya Kitui ingalikuwa 1,136,186. Tarakimu zake zingalitoa 26, na katika vile viwanja 83, safu moja ingalikuwa na pengo. Basi siku ya kuhesabiwa ifikapo, mwenye nyumba asiache kumtaja yeyote aliyelala kwake, awe mzee au mtoto mchanga.