Mbolea Ibaki Bustanini, Isiingie Ziwani



Rukuba ni kisiwa katika Ziwa Victoria, huku kwetu Mkoa wa Mara. Maji yako pande zote. Basi mtu anaweza kuuliza: mkulima wa mboga wa kisiwani ana shida gani? Si alime pale pale ufukweni, achote maji, amwagilie, yaishe?

Ni rahisi kweli. Lakini bustani ya ufukweni ina hasara mbili. Tuzitazame moja moja.

Hasara ya kwanza: ziwa halikai mahali pamoja

Maji mengi ya ziwa letu hayaletwi na mito. Yanatoka juu, kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikizidi, ziwa linapanda. Mwishoni mwa mwaka 2019 mvua zilikuwa nyingi mno. Ilipofika Mei 2020, maji yalifika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964. Mwaka 2024 yakapanda tena, yakapita hata hapo.

Ziwa kupanda na kushuka si jambo geni. Jipya ni joto la dunia. Mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa, pamoja na misitu inayoteketezwa, hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo inaifunika dunia kama blanketi, na joto linashindwa kutoka. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Ndiyo maana mvua ikija inaweza kuja kwa kishindo, na jua likiwaka linakausha udongo upesi. Haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi.

Hasara ya pili: cha bustanini kinaingia mtungini

Mvua ya kishindo hubeba udongo, mbolea na dawa ya wadudu mpaka ziwani. Mbolea haichagui mmea. Bustanini inalisha mchicha, ziwani inalisha gugu maji na mwani. Mwani ukifa unaoza, na kuoza huko kunamaliza hewa ndani ya maji. Samaki wanakosa pumzi. Na maji hayo hayo ndiyo tunayochota kwa kunywa na kupikia.

Kwa hiyo mboga na samaki si mambo mawili. Ni sufuria moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Tufanye nini?

1. Tupime. Mita 60 ni kama hatua 80 za kawaida za mtu mzima. Tuanzie pale maji yalipofika yalipojaa, si pale yaliposhukia wakati wa kiangazi. Mafunjo na matete ya ufukweni tuyaache. Yanachuja maji, na vifaranga vya samaki hujificha humo.

2. Tukinge maji. Matuta yakate mteremko, yasiufuate. Upande wa chini tupande majani ya kushika udongo.

3. Tutengeneze mboji. Tupange majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo, tabaka juu ya tabaka. Utumbo na vichwa vya samaki vifukiwe katikati kabisa, visilete nzi. Tunyunyize maji, tugeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi miwili au mitatu mboji iko tayari. Udongo wenye mboji unashika maji.

4. Tuweke matandazo. Nyasi kavu juu ya tuta huzuia jua kunyonya maji, na huvunja nguvu ya mvua.

5. Bomba la dawa lisioshwe ziwani kamwe.

Na maji atabeba nani?

Hapa tuseme ukweli. Bustani ikipanda juu, ndoo nayo inapanda juu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi mbebaji ni mama au mtoto. Ushauri ukiishia kwenye kichwa cha mama, huo si ushauri, ni mzigo.

Kwa hiyo kazi igawanywe nyumbani. Baba naye abebe. Bustani ya kiangazi iwe ndogo, karibu na nyumba, na maji ya kuoshea mboga yamwagiwe humo humo. Tumwagilie asubuhi na jioni, wala si jua la utosi. Matuta ya kiangazi yawe ya kuzama kidogo, maji yasikimbie. Mvua ikinyesha, tukinge ya batini.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Maji yalipojaa mwaka 2020 na mwaka 2024, yalifika wapi kijijini kwenu? Je, bustani zenu ziko juu ya hapo au chini? Nyumbani kwenu, nani hubeba ndoo?