Laptop Iliyofunikwa Ikaendelea na Kazi

Mtu akichukua sumaku ndogo ya kubandikia karatasi kwenye friji na kuipitisha polepole kandokando ya kibodi, laptop nyingi zitazima skrini ghafla, kama vile zimefunikwa. Hazijaharibika. Kwenye fremu ya skrini kumefichwa kisumaku, na upande wa kibodi kuna kihisi kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Kihisi hicho hakilazi mashine. Kinapeleka taarifa tu kwamba kifuniko kimeshuka, na mfumo endeshi ndio unaoamua la kufanya.

Uamuzi huo hubadilishika, na wanaotaka kuubadilisha ni wengi: anayeshusha mafaili makubwa usiku wakati bando ni nafuu, aliyeunganisha mashine na televisheni, aliyegeuza laptop kuukuu kuwa seva.

Kwenye Windows hufunguliwa Control Panel, kisha Power Options, mahali palipoandikwa "Choose what closing the lid does". Hapo huchaguliwa "Do nothing". Kuna safu mbili, ya betri na ya umeme, na wengi hurekebisha moja wakaisahau nyingine. Tena kuna mpangilio wa pembeni, ule wa dakika ngapi mashine ikae bila kuguswa kabla ya kulala. Usipoguswa huo, kifuniko hakitaleta shida lakini kazi itakatika vilevile, hasa umeme ukikatika na mashine ikahamia kwenye muda wa betri, ambao kwa kawaida ni mfupi zaidi.

Linux zinazotumia systemd huhitaji mstari mmoja, HandleLidSwitch=ignore, kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf, kisha mashine iwashwe upya. MacBook ndiyo yenye masharti: kwa utaratibu wa Apple, huendelea ikiwa imefunikwa pale tu inapounganishwa na skrini ya nje, kibodi na kipanya, huku chaja ikiwa imechomekwa.

Joto ndilo la kuangaliwa zaidi. Baadhi ya laptop hupitisha hewa kwenye nafasi za kibodi, na kifuniko kikishuka njia hiyo huzibika. Juu ya meza ngumu feni huweza kumudu. Juu ya godoro ni balaa, na ndani ya begi hapana kabisa. Betri za lithiamu nazo huchakaa haraka zikikaa na joto huku zimejaa chaji, ndiyo maana watengenezaji kadhaa wameweka mpangilio wa kuishia asilimia 80.

Halafu kuna usalama. Oktoba 2013, katika maktaba ya Glen Park mjini San Francisco, maafisa wa FBI walijifanya wapenzi wanaogombana ili Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko haramu la Silk Road, ageuze shingo. Wakainyakua laptop yake ikiwa wazi. Walijua kwamba akiwahi kuifunika, itajifunga na ushahidi wote kubaki ndani kwa siri.

Anayechagua "Do nothing" huipoteza kinga hiyo: yeyote atakayeinua kifuniko anaweza kukuta kila kitu wazi. Dawa yake ni kubonyeza Windows na L kabla ya kufunika. Skrini itadai nenosiri, na mafaili yataendelea kushuka.