Kiongozi Anayesikiliza Huokoa Wagonjwa

Tunapompeleka mgonjwa wetu hospitalini huuliza mambo mawili: Je, daktari yupo? Dawa zipo? Mwezi huu tunaongeza swali la tatu: Je, wakuu wa hospitali wanawaongozaje wafanyakazi wao?

Tuchukue mfano. Ni saa nane usiku. Muuguzi wa zamu anaona mama aliyejifungua jioni anazidi kutokwa damu. Kama mkuu wake ni mtu wa kufoka, atasita kumwamsha, akiogopa kuaibishwa. Dakika hizo zaweza kumpotezea mama uhai. Lakini kama mkuu amezoea kusema, "Msiogope kuniita," ataitwa mara moja. Muuguzi ni yule yule na elimu yake ni ile ile. Tofauti ni uongozi.

Mwaka 1996 mtaalamu wa Marekani, Amy Edmondson, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya makosa ya dawa hospitalini. Wodi zenye viongozi wazuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi! Sababu ni kwamba wauguzi wake hawakuogopa kuyasema. Penye woga makosa hufichwa, na kosa lililofichwa halirekebishwi.

Hapa kwetu Tanzania tunao mfano wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Mwaka 2007 na 2008 ilikuwa mojawapo ya hospitali za miji 8 duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakikisha usalama wa upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, wote husimama kidogo. Kila mmoja hutaja jina na kazi yake, kisha huhakikisha jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Katika hospitali zote 8 kwa jumla, vifo vilipungua kutoka 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Inafaa pale daktari anapokubali kusimamishwa na muuguzi.

Hatusemi kiongozi awe mlegevu. Anayechelewa zamu au kudai rushwa aonywe. Na wakati wa hatari, mmoja atoe amri na wengine watii. Lakini hatari ikipita, wakae pamoja waulizane: tumekosea wapi?

Nasi waamini tunayo sehemu yetu. Tulio katika kamati za zahanati na hospitali tuulize kama mikutano ya wafanyakazi hufanyika, na kama anayekosea huonywa faraghani au mbele ya wagonjwa. Tunaouguza tusiwafokee wauguzi. Tukiona jambo lisilo sawa, tulitaje mapema na kwa heshima.

Bwana wetu aliwaosha mitume wake miguu, wala hakuacha kuwa Bwana na Mwalimu wao. Mkuu wa wodi anayeinama kumsikiliza muuguzi mdogo hapotezi cheo chake. Huenda usiku huo akaokoa mama wa watoto.