"MAUMIVU KIASI" NI KIASI GANI?

Rafiki msomaji, je, umewahi kumuuguza mgonjwa wa saratani? Ukiulizwa hali yake unajibuje? Wengi wetu tunasema, "Hajambo kidogo," au "Anaendelea vizuri." Ni majibu ya adabu, lakini hayamsaidii mtu anayeumia.

Chukua mfano huu. Mama mmoja ana saratani ya mlango wa kizazi. Usiku kiuno kinamuuma hata kugeuka kitandani hawezi. Nesi wa zamu anaandika kwenye faili: "Ana maumivu kiasi." Yeye ana maana kwamba si haba, yanahitaji dawa. Asubuhi zamu inabadilika. Nesi mwingine anasoma "kiasi", anaelewa ni kidogo tu, anaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakuna mzembe hapo. Neno ni moja, maana ni mbili, na mama anaendelea kuumia.

Wauguzi walifanya nini?

Tatizo hili si la hospitali moja. Mwaka 1973 wauguzi walikutana mjini St. Louis, Marekani, wakaanza kuyapa majina ya pamoja matatizo ya wagonjwa wanayoyashughulikia. Kazi hiyo ilizaa orodha ya NANDA. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa walitoa orodha nyingine mbili: NIC ya kazi za muuguzi (1992), na NOC ya matokeo kwa mgonjwa (1997). Baraza la Kimataifa la Wauguzi nalo lina orodha yake, ICNP. Mwaka 2009 lilitoa sehemu maalumu ya huduma kwa wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha, na maumivu yamo.

Sasa faili la yule mama lingesomeka hivi:

1. Tatizo: Maumivu sugu, yaani yamezidi miezi 3. Yako kiunoni, yanachoma. Ni 8 kati ya 10.
2. Kazi: Kumpa dawa kwa saa zilizopangwa, kumgeuza, kumuuliza tena baada ya saa 1.
3. Matokeo: Saa 1 baadaye ni 3 kati ya 10. Amelala.

Umeona tofauti? Nesi wa asubuhi hana la kukisia. Anajua dawa ilisaidia na lini itolewe tena.

Lakini angalia: namba peke yake haitoshi. Kwenye kipimo cha 0 mpaka 10, sifuri ni kutoumwa kabisa. Kwenye kipimo cha NOC cha 1 mpaka 5, 5 ndiyo kutoumwa! Ndiyo maana lazima wote watumie kipimo kimoja na kukitaja.

Wewe unaweza kusaidia vipi?

Huhitaji kuwa nesi. Chukua daftari, umwulize mgonjwa wako:

• Panauma wapi?
• Panaumaje: panachoma, panakata, panavuta, au kuna ganzi?
• Kama 0 ni hakuna na 10 ni maumivu makali kuliko yote, sasa ni ngapi?
• Yanazidi saa ngapi? Nini kinayapunguza?

Andika maneno yake mwenyewe, na saa. Kliniki mwonyeshe nesi: "Shikamoo sista. Jana saa 4 usiku bibi alisema ni 9."

Je, morfini ni dawa ya kufia?

Hapana! Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za maumivu ya saratani zitolewe kwa kufuata saa, bila kusubiri maumivu yarudi. Kwa maumivu makali, morfini ni mojawapo. Anapewa anayeumia sana, hata kama ana miaka mingi mbele yake. Kipimo chake kinapangwa na mtaalamu, usikiongeze wala kukipunguza mwenyewe.

Kumbuka: wazee wetu wengi hujikaza. Bibi akisema "sijambo" huku amekunja uso, usiishie hapo. Mwulize, "Bibi, ni ngapi?"