Kosa au Hitilafu? Kuusoma Ujumbe wa Kompyuta Marereni

Miongoni mwa matini fupi zinazosomwa kila siku na ambazo ni nadra kuhakikiwa, umo ujumbe unaojitokeza kwenye kioo cha kompyuta pale programu inapokataa kufunguka. Aghalabu huwa na mistari miwili au mitatu, namba isiyoeleweka na kitufe kimoja cha kukubali. Msomaji hukubali, kwa kuwa hakuna kitufe cha kuuliza. Makala hii inaushughulikia ujumbe huo katika programu za mazungumzo za kompyuta ya mezani: husababishwa na nini, huondolewa vipi, na neno la Kiswahili linaloubeba lina athari gani kwa anayeusoma.

Ichukuliwe hali ifuatayo, ambayo ni ya kubuni lakini si ngeni. Marereni ni mji mdogo katika barabara itokayo Malindi kwenda Garsen, eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Mji huu unajulikana kwa mashamba ya chumvi, ambamo maji ya bahari huachwa yakaukie juani. Katika ofisi moja ya huduma za kompyuta anaingia mama ambaye simu yake ni kabambe isiyo na kamera. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, na nafasi anayopewa ya kuzungumza na jamaa zake ni saa moja tu kwa juma. Kijana wa ofisi anaifungua programu. Badala ya uso wa binti, unatokea ujumbe kwamba muunganisho salama haukuwezekana.

"Mama, kompyuta inasema kuna kosa," anasema kijana.

"Kosa la nani, mwanangu?"

Swali la mama ni la kiisimu kuliko anavyodhani. Kosa huhitaji mkosaji: mtu hukosa, hukosea, hukosewa, kisha huombana radhi na wenzake. Neno hilo likiandikwa kiooni bila mtenda, msomaji humtafuta mtenda, na aliye karibu zaidi ni yeye mwenyewe au kijana aliyeshika kipanya. "Hitilafu", kwa upande mwingine, ni neno lenye asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni tofauti. Wawili wakihitilafiana, si lazima mmoja wao awe na hatia. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ilidhihirika kwamba programu nzima ya ofisini yaweza kuzungumza Kiswahili. Tangu hapo uteuzi wa maneno kama haya umekuwa kazi halisi ya watafsiri wala si zoezi la darasani. Google, kwa mfano, hutumia "hitilafu" katika jumbe zake za Kiswahili. Uteuzi huo ni bora kuliko "kosa", na sababu si ya adabu pekee. Katika kisa hiki, neno hilo ni sahihi hata kiufundi.

Kabla ya kupitisha neno lolote, programu ya mazungumzo huitaka kompyuta ya mbali inayotoa huduma ijitambulishe kwa cheti cha kidijitali. Cheti hicho kina tarehe mbili, ya kuanza kutumika na ya kukoma. Kompyuta ya Marereni huzilinganisha tarehe hizo na kalenda yake yenyewe. Kalenda hiyo, umeme unapokatika, hutunzwa na betri bapa mithili ya sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2032 yenye volti 3, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu. Betri ikiisha, kila mashine inapochomolewa kwenye umeme saa yake hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, pengine ya miaka kumi iliyopita. Kwa kompyuta inayoamini kwamba sasa ni mwaka wa 2015, cheti kilichotolewa juzi ni cha siku ambayo bado haijafika. Hukikataa, na kwa mantiki yake ina haki. Mashine mbili zimehitilafiana kuhusu leo ni lini.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Watumiaji wa MSN Messenger, iliyokuwa maarufu katika miaka ya 2000, waliujua kwa namba 80048820, na miongoni mwa mambo waliyoshauriwa kukagua ni tarehe na saa. Dalili yake haimo ndani ya ujumbe bali kwenye kona ya kioo, ilipo saa. Dalili nyingine ni tovuti nyingi kukataa kufunguka kwa wakati uleule. Kijana akiitazama kona hiyo, tatizo litaondoka kwa dakika mbili. Akikimbilia kuiondoa programu na kuisakinisha upya, saa ya binti itakwisha na ujumbe utarudi vilevile. Betri mpya iwekwe baadaye, na kwa kuwa hewa ya chumvi huharakisha kutu, vishikio vyake vikaguliwe pia.

Kuirekebisha saa nako kuna mtego wake, na mtego huo ni wa Waswahili hasa. Asemaye saa mbili asubuhi anapaswa kuandika 8:00. Akiandika 2:00, mashine itakuwa nyuma kwa saa sita. Tofauti hiyo yaweza isikiathiri cheti kilichotolewa miezi kadhaa iliyopita, lakini nambari za siri zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 zitakataliwa. Tarehe nayo ina vituko: kompyuta iliyopangwa Kimarekani huisoma 5/6 kuwa tarehe 6 Mei. Eneo la saa liwe la Nairobi, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia, sawa kabisa na Saudi Arabia. Kwa hiyo mama na bintiye hawana haja ya kuhesabu tofauti yoyote.

Ikiwa ujumbe unalalamika kwamba faili fulani, kama vile MSVCP140.dll, halikupatikana, saa haihusiki. Faili hilo ni la maktaba ya Visual C++ ambayo programu nyingi huitegemea, na hupatikana bure kwa Microsoft wenyewe. Kulichukua peke yake kutoka tovuti isiyojulikana ni kukaribisha virusi.

Ipo pia hali ambayo fundi hana la kufanya. Windows Live Messenger, mrithi wa MSN Messenger, ilifungwa katika nchi nyingi mwaka wa 2013, Yahoo Messenger tarehe 17 Julai 2018, na Skype Mei 2025. Picha zao ndogo zingali kwenye kompyuta nyingi kuukuu, na anayezibofya huambiwa ajaribu tena baadaye. Programu hizo zifutwe, na mama aulizwe binti yake sasa anatumia ipi.