Nguo za Mwindaji wa Nchi ya Barafu

Watoto wawili wanarudi kutoka shule kwa njia ya mlimani, na upepo unavuma. Mmoja amenyeshewa, mwingine nguo zake ni kavu. Yule aliyenyeshewa anatetemeka, meno yanagongana. Mwenzake anatembea bila shida. Upepo ni mmoja, njia ni moja. Kwa nini basi mmoja anaona baridi kuliko mwingine?

Nguo kavu ina hewa kati ya nyuzi zake. Hewa iliyotulia inalinda joto la mwili, kama vile majani mengi juu ya paa yanavyolinda nyumba. Nguo ikilowa, maji yanashika mahali pa hewa. Nayo maji yanaondoa joto upesi sana kuliko hewa. Mtoto huyo atafika nyumbani, mama yake atamvua nguo na kumkalisha karibu na moto, na habari itakwisha.

Lakini fikirini mwindaji aliye mbali na nyumbani mwendo wa siku mbili, mahali pasipo mti hata mmoja wa kuwasha moto, na baridi imefika digri 40 chini ya sifuri. Huyo akilowa, hatari yake si kutetemeka tu. Atakufa.

Wanafunzi wa Beni na Mutwanga wamekwisha kuona weupe juu ya mlima Ruwenzori. Ule ni theluji na barafu, ingawa siku hizi inapungua mwaka kwa mwaka. Basi, katika nchi za kaskazini kabisa mwa dunia, yaani kaskazini mwa Alaska na Kanada, na katika kisiwa cha Groenland, weupe ule hauko juu ya mlima tu. Wakati wa baridi unafunika nchi yote, na bahari yenyewe inaganda hata watu wanatembea juu yake. Huko wanakaa Wainuit, ambao wageni waliwaita zamani Waeskimo. Hawawezi kulima, kwa kuwa udongo wa chini haupati kuyeyuka. Tangu zamani chakula chao kilitoka katika uwindaji. Pamba hawakuwa nayo, wala duka. Nguo zao zilitoka kwa wanyama walewale waliowala.

Mnyama wa kwanza ni karibuu, namna ya kulungu mkubwa mwenye pembe za matawi. (Jina hili halina neno na kukaribisha wageni, limetoka katika lugha ya wenyeji wa Kanada.) Unywele wa karibuu una vyumba vidogo sana vya hewa ndani yake. Tena manyoya yake yamesongamana, na kati ya unywele na unywele mna hewa pia. Kwa sababu hiyo ngozi yake ni nyepesi na yenye joto jingi.

Lakini si kila ngozi ya karibuu inafaa. Ngozi ya wakati wa baridi ina manyoya marefu mno. Ni nzito, na manyoya yanakatika ovyo. Hiyo ilitandikwa chini kwa kulalia. Ngozi ya mwisho wa baridi ni mbaya zaidi, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai juu ya manyoya ya mnyama huyo. Funza wanaingia chini ya ngozi, nao wakitoka wanaacha matundu mgongoni. Ngozi nzuri ni ya mwezi wa Agosti au Septemba. Wakati ule matundu yamekwisha kufunga, na manyoya mapya ni mafupi na yamejaa vizuri. Mwindaji aliyekosa karibuu katika miezi hiyo alijua kwamba jamaa yake itaona taabu muda wote wa baridi, hata kama nyama ya sili ni nyingi.

Mwindaji alivaa makoti mawili. La ndani manyoya yake yaligusa mwili; la nje manyoya yake yalitazama nje. Kati ya makoti hayo mlikaa hewa. Koti halikuwa na vifungo kifuani, maana upepo ungepita hapo. Lilivaliwa kwa kuingiza kichwa, na kofia yake ilishonwa pamoja nalo.

Hapa kuna jambo ambalo mgeni halijui upesi. Maji hayatoki mbinguni na baharini tu. Yanatoka katika mwili pia. Mwindaji anayekimbia nyuma ya mbwa wake wanaovuta gari la theluji, anatoka jasho. Jasho likilowesha manyoya, baadaye litaganda, na koti litakuwa ganda la barafu. Ndiyo sababu koti lilikuwa pana. Akiona joto, alirudisha kofia nyuma, na hewa yenye mvuke ikapanda na kutoka shingoni. Alipunguza mwendo kabla ya kutoka jasho. Mtu mwerevu wa kule hakimbii hata akalowa.

Pumzi nayo ni maji. Inaganda juu ya manyoya ya kofia yaliyozunguka uso. Kwa hiyo mahali hapo walipenda kushona ngozi ya mnyama mmoja, ndugu ya nyegere, kwa kuwa barafu haishiki sana katika manyoya yake. Mtu anaipangusa kwa mkono na kuendelea.

Kwa kuwinda sili, mwindaji alisimama karibu na tundu dogo katika barafu ya bahari. Sili anaishi majini lakini anavuta hewa kama ng'ombe. Hana budi kurudi tunduni. Mwindaji alishika chusa, yaani mkuki wenye kamba, akangoja kimya. Pengine alingoja saa nyingi bila kutikisa mguu, maana sili anasikia sana. Bila makoti yale mawili, kazi hiyo haiwezekani.

Barafu inapoanza kuyeyuka, ngozi ya karibuu haifai tena. Inashika maji, nayo inanyonyoka. Sasa ni zamu ya ngozi ya sili. Haina joto kama ile, lakini maji hayaipenyi upesi. Viatu virefu vya ngozi ya sili iliyonyolewa vilivuka madimbwi ya maji ya barafu, na miguu ilibaki mikavu.

Lakini ngozi njema yenye mshono mbaya ni kama mtungi wenye ufa. Ushonaji ulikuwa kazi ya wanawake, na uhai wa mwindaji ulikaa katika sindano ya mkewe. Alishona kwa uzi wa kano za mnyama. Katika viatu sindano haikutoboa ngozi mpaka upande wa pili. Ilipita katikati ya unene wake, na mshono ulirudiwa mara mbili. Uzi wa kano ukipata maji unavimba na kuziba tundu lake wenyewe. Nayo ngozi ngumu aliitafuna ili ilainike, hata wanawake wengi wazee walikuwa na meno yaliyokwisha.

Katika pwani na visiwa vya Alaska watu walifanya koti la mvua kwa matumbo ya sili na ya wanyama wengine wa bahari. Waliyaosha, wakayapuliza, wakayakausha, wakayapasua na kushona vipande pamoja. Koti hilo ni jepesi na linapenyeza mwanga. Mvuvi aliyeketi katika mtumbwi wa ngozi aliweza kufunga pindo lake katika mdomo wa mtumbwi, na mawimbi yakapita juu yake bila kuingia.

Roald Amundsen, msafiri wa Norvège, alikaa karibu na Wainuit wa Kanada tangu mwaka 1903 hata 1905, akajifunza nguo zao. Tarehe 14 Desemba 1911 yeye na wenzake wanne walikuwa watu wa kwanza kufika ncha ya kusini ya dunia. Nao walikuwa wamechukua nguo za manyoya.

Siku hizi Wainuit wananunua makoti ya dukani na viatu vya mpira, na wengi wanasafiri kwa gari la theluji lenye mota. Hata hivyo wako wawindaji ambao, wakienda mbali katika baridi kali, bado wanavaa karibuu. Wakirudi, hawaingii na koti kwenye joto la nyumba. Wanalipiga kwanza kwa fimbo mpaka theluji yote iliyo katika manyoya imeanguka, kisha wanaliacha mahali pa baridi, likae kavu mpaka safari nyingine.